Kiti Kikubwa na Magoli ya Barafuni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu kwenye stuli. Kiti kikubwa cha sebuleni anakikalia shemeji yangu, fundi cherehani, kwa haki ya magoli kumi na manane. Ndiyo makubaliano ya nyumbani: mwenye rekodi kwenye ile mashine kuukuu ya mchezo wa video wa mpira wa magongo wa barafuni, iliyomo dukani kwa dobi, ndiye mwenye kiti. Mke wangu ni refa. Asichokiona kwa macho yake hakihesabiki. Nimeazimia. Mgongo wangu umeazimia zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimecheza na glavu za sufu, ili nizoee mazingira ya barafu. Kosa la kiufundi! Mpini uliniponyoka, nikajifunga mara nne. Shemeji, aliyekuja kuchukua nguo, akauliza kwa upole kama nitahitaji na kofia. Nikamjibu kwamba mabingwa wote huanza kwa kuchekwa. Akasema basi mimi ni bingwa wa siku nyingi.

Ijumaa, 7 Machi

Uvumbuzi! Kisahani, ambacho ndicho mpira wao, kikipita nyuma ya goli, kipa hugeuka kukitazama na kulisahau lango. Majaribio sita, magoli sita. Nimempa dobi koti langu la sherehe: linyooshwe kesho saa sita kamili. Akadai pasi ya mkaa haina haraka. Nikamwamuru atumie ya umeme. Hatuishi zama za kale. Sikabidhiwi kiti nikiwa na makunyanzi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa sita kasorobo: magoli ishirini na moja! Nikatoka mbio kumwita refa. Tuliporudi, shemeji akitufuata, kioo kilikuwa cheusi. Duka lina soketi moja. Mashine imechomolewa, pasi imechomekwa, na mashine ile ikizimwa husahau kila kitu. Rekodi ya shemeji nayo imekwenda.

Dobi akaninyooshea koti. "Bosi, wewe mwenyewe ulisema nitumie umeme."

Refa akaamua kwamba kiti sasa hakina mwenyewe. Akakikalia yeye.

Jumapili, 9 Machi

Mimi na shemeji tunagawana stuli. Nimelitafakari jambo hili kwa kina, na chanzo kiko wazi: uzembe wa dobi. Kesho narudi uwanjani. Koti lilikunjika nilipokuwa nalibeba kurudi nyumbani, hivyo nimempelekea tena. Saa sita kamili. Kwa umeme.