Ombi la Kuhamishia Bandari Mto Simiyu Ili Kwaya Ipate Kinanda

Nkololo, Bariadi
Agosti 1993

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka. Sisi wanakwaya wa Nkololo hatujambo, ila tuna uchungu, na uchungu wenyewe ni wa kinanda cha betri. Tangu biashara iwe ruksa, kila kitu kimefika Bariadi isipokuwa bei yake ya Dar es Salaam. Naomba nafasi nieleze.

1. Kinanda hicho Dar es Salaam unakipata kwa thamani ya mtamba mmoja. Bariadi, dukani kwa Bwana Selestini, ni mitamba miwili. Nilimwuliza kwa adabu, naye akanijibu kwa adabu: kimetoka ng'ambo, kimelipiwa ushuru, kimepanda treni hadi Mwanza na lori hadi hapa, halafu kimekaa rafuni mwaka mzima kwa kuwa wateja wa vinanda huku ni wachache. Nilikubali. Mwenye haki mpe haki yake.

2. Lakini pamba yetu hupita njia ileile kwenda ng'ambo, nayo tunaambiwa bei yake ni ndogo kwa sababu tuko mbali. Kumbe umbali ukija unapandisha, ukienda unashusha! Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu msumeno wa umbali mbele unaikata Nkololo, na nyuma unaikata Nkololo.

3. Nyuzi za gita sizitaji. Zitaniliza.

4. Kuhusu uchache wa wateja, tulijitahidi kuurekebisha. Kwaya nzima, sauti zote nne, tulikwenda dukani siku ya gulio, kila mmoja kwa wakati wake akaulizia kinanda, ili Selestini aone soko limekua, ashushe bei. Alifurahi mno. Kesho yake akaongeza mbuzi juu ya ile mitamba, akisema bidhaa imeanza kugombaniwa. Bi. Felisita, mweka hazina wetu, hajasema nami tangu siku hiyo, maana wazo lilikuwa langu.

5. Usidhani tunataka anasa. Huku mashindano ya kwaya tunayaendesha kama ngoma zetu za Kisukuma, za vyama vya Wagika na Wagalu: pande mbili huimba uwanjani kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu. Mwaka jana wapinzani wetu, kwaya ya Mwamanyili, walikuja na kinanda. Watu wakaanza kutuhama, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wa mwisho kuondoka alikuwa Mama Apolonia, mama mkwe wangu, ambaye nilimwekea kiti cha mbele kwa mikono yangu. Alijifunga khanga vizuri, akaniinamia kwa heshima, akavuka. Nikaendelea kuimbia viti. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Mashindano mengine ni mwezi ujao.

6. Kwa hiyo tunaiomba serikali ihamishie bandari Mto Simiyu, angalau wakati wa mvua, maji yakiwepo. Ikishindikana, itangazwe rasmi kwamba Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali na sisi. Gharama ya umbali waibebe wao, wako wengi.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa na anayewapikia chai. Wabeja sana.

Wako katika sauti ya tatu,
Jilala Maduhu
Mwenyekiti wa Kwaya

Nyongeza: Karibu nisahau. Ili tupate mtamba wa pili, tunauza kodiani yetu ya zamani, na kwaya ya Bukundi imeomba kuinunua. Tumewapa bei mara mbili ya ile tuliyomtajia mtu wa hapa Nkololo, kwa kuwa Bukundi ni mbali, njia ni mbaya, na wateja wa kodiani huko ni wao peke yao. Nasikia wamekasirika, wanataka kukuandikia. Tafadhali usiwape nafasi. Watu wa mbali wana malalamiko mengi.