Kitambaa Machoni, Pamba Masikioni

"Wazungu wamewafunga watu nyaya kichwani!" Gazeti alitangaza kabla hata hajakalia jiwe lake.

Jumapili hiyo ya mwaka wa themanini na tano, kijiwe kilikuwa pale pale Huruma, kando ya kibanda cha uji cha Nthambi. Gazeti, jina la kwao Muturi, alikuwa msomaji wa hata karatasi ya kufungia sukari.

"Wakaambiwa wapapase vitu kwa vidole, nusu saa! Dakika kumi za kwanza ubongo unachapa kazi. Baadaye vidole vinabaki, akili imeenda kutembea."

Patrobas, mwenzao wa kijiweni, akaweka kikombe chake cha uji chini. Kesho asubuhi alikuwa na mtihani wa kazi kwenye kiwanda kimoja cha redio huko Industrial Area: unafungwa kitambaa machoni, unatenganisha skrubu ndefu na fupi kwa kupapasa, nusu saa nzima. Miezi minane hana kazi, na shemeji yake aliyempa pa kulala alikuwa ameanza kumwamkua kwa kuguna. Aliogopa kweli.

"Sasa maze, nitapita vipi?"

"Hupiti. Sayansi imekataa."

"Sayansi ya watu walioshiba!" akadakia Abukar, waliyemwita Hakimu kwa kutoa hukumu kabla ya kesi. "Akili ya mwenye njaa itaenda kutembea na nauli gani? Mjaribuni!"

Nthambi alikuwa na maharagwe ya kuchambua. Wakamfunga Patrobas kitambaa: haragwe litiwe sufuriani, jiwe kwenye kopo. Akaanza vizuri sana, mpaka Abukar alipoikumbuka mechi ya jana.

"Ile goli ilikuwa ofsaidi!"

"Ofsaidi ya wapi, buda?" Gazeti akaruka. "Refa alikuwa amefungwa macho kama huyu?"

"Refa alikuwa mjomba wako!"

"Haikuwa ofsaidi!" Patrobas naye akapaza sauti. "Beki alisimama hapa," akatia haragwe kwenye kopo, "na straika hapa," akatia jiwe sufuriani. Akaendelea hivyo hivyo, kwa bidii, mpaka kitambaa kilipofunguliwa.

Nthambi akachungulia sufuria. "Haya. Leo mtakula msingi wa nyumba."

Patrobas alitamani kulia. "Na wewe, mathee? Tangu asubuhi unasuka kiondo bila kukitazama, na kelele zote hizi, hujakosea hata uzi. Akili yako haichoki?"

Vidole vya Nthambi havikusimama. "Itachokaje? Kwani mimi huwasikiliza?"

Jumatatu mchana Patrobas alirudi kijiweni.

"Umepata?" Gazeti akauliza. Patrobas akamtazama tu. Abukar akamchomoa pamba masikioni.

"Akili ilitulia, wacha tu!" Patrobas akasema. "Tangu saa moja niko kwenye benchi la getini, napapasa skrubu mfukoni. Haikutoka hata hatua moja."

"Na mtihani?"

Patrobas akainama.

"Askari ameniandikia kwenye karatasi kwamba waliniita mara tatu."