Lalamiko Kuhusu Shahada Nafuu ya Mke Wangu na Masomo ya Mama Yangu

Kwa Msajili,
Chuo Kikuu cha Masomo kwa Njia ya Mtandao.

Ndugu Msajili,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SHAHADA YENU NAFUU YA UALIMU WA SHULE ZA MSINGI

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini kwako, kama ofisi unayo, maana kwenye tovuti yenu nimetafuta picha ya jengo nikaambulia picha ya msichana anayeichekea kompyuta.

Mimi ni mume wa mwanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho. Kwa kazi ni mwandishi wa barua. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi kinachotazamana na dirisha la mapokezi la zahanati, na watu wasiojua kusoma huja na karatasi zao, nikawasomea, nikawajazia fomu, nikawaandikia majibu. Nayasema haya ili ujue kwamba barua hii imeandikwa na mtu wa fani, si mtu aliyekurupuka usingizini.

Kamati yenu ya mazoezi ya kufundisha imezuia matokeo ya mke wangu na kutaka barua ya mtu mzima wa nyumba hii aliyemshuhudia akifundisha, aeleze alichokiona bila upendeleo. Mmesema barua ikiridhisha atahitimu, isiporidhisha mazoezi yatafutwa na atarudia mwaka. Hapa jirani ipo shule ya msingi ambayo mwalimu mkuu wake amemwekea mke wangu nafasi ya kufundisha darasa la kwanza, na amesema nafasi hiyo haiwezi kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo najua uzito wa kalamu niliyoishika. Watu wazima wa nyumba hii ni watatu. Mmoja ndiye mtuhumiwa, wa pili ni mama yangu, ambaye ndiye kielelezo, nimebaki mimi. Nami nasema futeni. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

Lalamiko la kwanza ni bei yenu. Siku ya kuchagua chuo tulikaa mezani kama watu wenye akili zao. Mimi nilileta vyuo vitatu nilivyovichambua kwa uangalifu mkubwa: kimoja kina geti lenye simba wawili wa saruji, cha pili wahitimu wake huvaa majoho mekundu, na cha tatu ada yake ukiisikia unanyamaza kwa heshima. Mke wangu, ambaye miaka yote hii amekuwa msaidizi wa mwalimu wa chekechea, hakuwatazama hata hao simba. Aliuliza kama shahada inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu, na jibu la tovuti halikumtosha, akapiga simu kwa mamlaka mwenyewe. Akauliza kama cheti chake cha chekechea kitampunguzia masomo. Akauliza kama masomo yanaweza kupakuliwa alfajiri wakati bando ni rahisi, kama ada inalipwa kidogo kidogo, na kama mazoezi ya kufundisha yanaweza kufanyika karibu na nyumbani. Chuo chenu kikajibu ndiyo kwa yote, tena kwa adabu. Nikamkumbusha kuwa wahenga walisema rahisi ni ghali. Akanijibu kuwa wahenga hawakuwa wakilipa kodi ya nyumba.

Tangu siku hiyo sina la kujivunia mtaani. Mwanamume ambaye mkewe anasoma kwenye chuo chenye geti akiulizwa habari za nyumbani husema mke wangu yuko chuoni, na watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikisema mke wangu yuko chuoni, hapo hapo anatokea mlangoni na beseni la nguo.

Lalamiko la pili ni mwongozo wenu wa mazoezi. Unasema kuwa shule zikiwa zimefungwa, mwanafunzi anaweza kukusanya nyumbani kikundi cha wanafunzi wanne wanaoanza kusoma, akawafundisha, akajirekodi video. Aliyeandika maneno hayo hakutaja umri. Ndugu Msajili, fomu isiyotaja umri ni sawa na mlango usio na komeo, na mimi ningekuambia hivyo bure kama ungeniuliza. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wa mtaa wamepelekwa kwa bibi zao, na tarehe ya kutuma video imekaribia. Mke wangu aliusoma mwongozo mara moja, akausoma tena, kisha akainua macho taratibu, yakamwangukia mama yangu aliyekuwa kwenye kigoda akichambua maharage.

Hivyo ndivyo sebule yangu ilivyogeuka darasa. Mwanafunzi wa kwanza ni mama. Wa pili ni muuza mkaa wa hapo kwenye kona, mwanamke ambaye akisoma silabi moja wanaitikia mtaa wa pili. Wa tatu ni mlinzi wa ghala, mwenye ndevu hadi kifuani, ambaye mkufunzi wenu alimwona kwenye video akaandika kuuliza mtoto huyo yuko darasa la ngapi, swali lililoamsha kamati yenu. Wa nne ni fundi bomba. Huyu alikuja kuziba bomba la jikoni, akasimama mlangoni kusikiliza, akakaa, na bomba linavuja mpaka leo. Wote wanne walikuwa wateja wangu.

Lalamiko la tatu linagusa unga wangu. Mlinzi alikuwa akiniletea tangazo la zamu nimsomee. Siku hizi anapita mbele ya kibanda akisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, langu likiwemo, ananipungia mkono, anakwenda zake. Fundi bomba bado anakuja, lakini anauliza neno moja tu, na neno moja siwezi kulitoza. Muuza mkaa ndiye aliyeniumiza zaidi. Juzi alisimama dirishani, nikanyoosha mkono kupokea barua ya shule ya binti yake kama ilivyo desturi yetu, kumbe alitaka kuazima kalamu.

Lalamiko la nne ni la heshima yangu kama baba mwenye nyumba. Lipo somo lenu moja linaitwa Usimamizi wa Darasa, na ndani yake lazima awepo mwanafunzi msumbufu. Mke wangu hakufanya mchujo. Aliniambia nikae nyuma na niwe tu kama kawaida yangu. Niliulizia chai katikati ya irabu, nikapokea simu ya mteja, nikamweleza mlinzi jinsi somo hilo lilivyofundishwa zamani zetu, nikajikuta nimesimamishwa kando ya friji nimeutazama ukuta, na mama yangu mzazi akicheka. Mkufunzi wenu aliandika kuwa mwanafunzi msumbufu alikuwa wa kweli kabisa, akampa mke wangu alama za juu kuliko zote alizowahi kupata. Mimi sikupata kitu.

Na mbinu zenu hazibaki darasani. Nikiuliza chakula kiko wapi, naambiwa hilo ni swali zuri, nani anaweza kumsaidia mwenzetu? Mama ananyoosha mkono. Akijibu sawasawa anabandikiwa nyota ya karatasi kwenye kilemba, na ameshakwenda nayo zahanati akarudi nayo.

Lalamiko la tano nilikuwa nimeliandika vizuri sana, lakini mke wangu amepita nyuma ya kiti changu. Tuendelee na la sita.

La sita ni mama, na hapa naomba uache unachokifanya unisome vizuri. Mama yangu hakupelekwa shule. Walipelekwa kaka zake, yeye akabaki kuwafulia sare. Kila jioni baada ya kula alikuwa anakuja na simu yake, anakaa nami kwenye lile kochi lililobonyea, ananikabidhi, nami namsomea ujumbe wa dada yangu anayeishi mbali. Nilikuwa nasoma kwa ufundi. Dada akiandika kifupi, nilirefusha. Akiandika maneno makali juu yangu, niliyaruka, kwa ajili ya shinikizo la damu la mama. Mama alikuwa anacheka, ananiambia nirudie hapo, nami narudia, na mara nyingine nilikuwa narudia tofauti na nilivyosoma mwanzo, hakujua.

Sasa anasoma mwenyewe. Anasoma pamoja na yale niliyokuwa nayaruka. Mara ya kwanza alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa nguo, kisha akanitazama, akasema "Kumbe", basi, akaendelea na ujumbe unaofuata. Na jioni anakaa kwenye kiti cha peke yake karibu na taa, midomo inacheza taratibu, wala hageuki kuona kama nipo. Mmetaka ukweli bila upendeleo, nami nausema: naumia. Mimi mtu mzima, mwenye kibanda na mhuri, naionea wivu simu ya mama yangu.

Halafu tufikirie na hekima ya watu wazima. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mama yangu, kwa heshima zote na aniwie radhi, si mbichi. Mke wangu amemkunja, na hakuvunjika. Chuo chenu kinawajibika kueleza kama methali hiyo bado inatumika, maana mimi huiweka kwenye barua za wateja.

Lalamiko la saba ni kuwa jambo hili linaambukiza. Wiki iliyopita mama alikwenda kuchukua dawa zake za presha. Muuguzi wa mapokezi akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba kama siku zote. Mama akakisukuma, akaomba kalamu. Nikiwa kibandani niliona yote. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, akaitazama, akaandika ya pili. Foleni ikarefuka mpaka barazani. Muuguzi akasema mama fanya haraka basi, watu wanasubiri. Mama, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimesubiri tangu hujazaliwa. Na wewe subiri kidogo." Akamaliza jina lake lote. Siku ile ile wanawake watatu wa kwenye foleni ile walikuja nyumbani kwangu. Nikadhani wamekosea njia ya kwenda kibandani. Hawakukosea. Walitaka kujua darasa linaanza lini tena.

Kwa hiyo, Ndugu Msajili, ombi langu la kwanza ni kwamba mazoezi haya yafutwe na mwanafunzi arudie mwaka, ikiwezekana akiwa mbali na watu wasiojua kusoma. Ombi la pili, pandisheni ada. Nimelifikiria jambo hili kwa kina nikaona chanzo cha balaa lote ni unafuu wenu. Shahada hii ingekuwa ghali angeichukua mtu mwenye uwezo wake, angepiga picha na joho, angeitundika ukutani, na mtaa wetu ungebaki salama. Mkiiweka kwa bei ya mtu kama mke wangu, ataichukua mtu kama mke wangu, naye ataitumia. Ombi la tatu, naomba mama yangu arudishwe katika hali yake ya awali. Kama chuo hakina utaratibu wa kumfanya mtu asahau kusoma, basi mumwandikie barua rasmi, yenye mhuri, mumtake aketi na mwanawe walau jioni moja kwa wiki na kujifanya hajui. Ataisoma barua hiyo mwenyewe, hilo sina wasiwasi nalo.

Naamini utalitazama suala hili kwa jicho la mume na la mtoto, hata kama wewe ni mwanamke. Nisalimie wakufunzi wote, mhasibu wenu ambaye kwa kweli ni mpole, wanaojibu simu, na familia zao popote walipo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Wako asiye na upendeleo,
Mume wa Mwanafunzi,
Mwandishi wa barua, mkabala na zahanati.

Tanbihi: Niliiacha barua hii mezani nikatoka kwenda kununua bahasha. Niliporudi nilimkuta mama ameishika. Nilitaka kuichukua, akanionyesha pa kukaa, kando yake, akaanza upya kutoka juu, kwa sauti, ili nami nisikie. Alikuwa anarudia maneno marefu na kupumzika kwenye vituo. Neno upendeleo lilimsumbua, akalijaribu mara tatu, ya nne akaliweza. Mchana wote ulikwenda hivyo, na wateja walionifuata nyumbani wakagonga sikuwafungulia. Alipofika pale panapomhusu hakuruka hata neno moja. Sauti ilipungua kidogo, akaniegemea begani, akasoma mpaka kwenye sahihi. Kisha akaikunja barua vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi, akasema nimefanya la maana sana kumwandikia mkwe wake ushuhuda mzuri namna hii, maana sikumsahau hata mmoja wa watu aliowafundisha. Nimeikunjua tena nikatafuta mahali pa kumkosoa mama, sijapaona. Basi, Ndugu Msajili, nakuomba uisome kama mama alivyoisoma.