Mjumbe Wako Mochama Anakaribia

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Migori.

Nimeamua. Kubeba abiria kwa pikipiki kumekwisha, siku hizi ni kusukumana tu. Nitapeleka vifurushi kwa app. Shida ni kuchagua. Hapa mjini ziko tatu. Mbio inalipa kila jioni lakini inakata sana. Tumwa inawapa wapya kazi ndogo ndogo mpaka wafikishe nyota hamsini za wateja. Fika Leo inatoa koti la mvua. Nimekaa steji tangu asubuhi nikizilinganisha kwenye daftari. Nimekataa abiria wanne ili wasinipotezee mawazo.

Fanuel, mwenzangu wa steji, yuko Tumwa mwaka wa pili na wateja wanamtaja kwa jina. Aliniambia, "Omera, ndugu yangu, chagua moja ufanye kazi. Zote zinapita barabara ile ile." Fanuel hana maono.

Bochaberi ataona. Mke wangu yuko Sindo kwa dada yake Nyakerario, mwezi wa nne sasa. Ni mambo ya cherehani yake. Niliiuza nikanunua nafasi kwenye shimo la dhahabu Macalder. Shimo likatoa maji. Hakupiga kelele. Alikunja vitambaa vya wateja wake, akavirudisha nyumba kwa nyumba, ndipo akaondoka. Hapo pa kuvirudisha ndipo sipendi kupakumbuka.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimechagua Tumwa. Mteja mpya anapewa safari kumi za bure, na mimi nina laini mbili. Kwa laini ya pili ninakuwa mteja, ninatuma kifurushi. Kwa laini ya kwanza ninakuwa mjumbe, ninakipeleka. Ninasimama peke yangu nyuma ya soko ili kazi inidondokee mimi. Mpokeaji asiposema neno, app inakupa nyota tano yenyewe. Fanuel alihangaika mwaka mzima. Mimi nitamaliza Ijumaa.

App ilitaka namba ya mpokeaji. Ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya Bochaberi. Nikaiweka. Haidhuru, yuko mbali.

Kifurushi ni boksi la viatu lenye tofali. Nimezunguka uwanja mara tatu. Nyota kumi na tano.

Alhamisi, 7 Agosti.

Safari nane. Nyakerario amenipigia simu, akauliza nimekwama wapi. Nilidhani amekosea namba. Akasema tangu Jumanne simu ya Bochaberi inaingia ujumbe: Mjumbe wako Mochama anakaribia, dakika mbili. Jumanne alitoka mpaka barabarani mara tatu. Jana alifagia uwanja wote na kuosha mapazia. Leo amechinja jogoo.

"Shemeji, hatujui tukupakulie ama tufunike," alisema.

Hapo ningemwambia ukweli. Nilisema tairi limepasuka. Akauliza, mara zote nane? Nikasema barabara ni mbaya. Kwa nyuma nikasikia sauti ya Bochaberi, ya kwanza tangu aondoke: "Mwambie asikimbize pikipiki. Afike salama tu."

Nilikaa na lile boksi mapajani. Kwenda Sindo si safari ya kulala njiani. Mafuta yalikuwepo. Lakini safari zilizobaki zilikuwa mbili tu, na mtu hatoki shambani akibakisha mistari miwili.

Ijumaa, 8 Agosti.

Saa sita mchana, nyota hamsini. Nilimwonyesha Fanuel simu. Akaangalia boksi, akasoma jina la mpokeaji. Hakucheka. Aliniuliza kama Bochaberi anajua. Nikasema atajua.

"Enda sasa hivi," akasema. "Ukifika, usiseme chochote kuhusu nyota. Piga magoti kama inabidi."

Nilimjibu kwamba kesho ni Sabato na leo lazima nipige shati pasi. Ni wivu wake, nilijua.

Saa tisa simu ikaanza kulia mfululizo. Mpokeaji amejibu. Amefungua safari zote, moja baada ya nyingine, na kila safari ameipa nyota moja. Maoni: Hakufika. Mara kumi. Kwenye ya kumi ameongeza: Nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Tumwa wamefunga akaunti yangu kabla jua halijatua.

Jumamosi, 9 Agosti.

Sabato. Mhubiri alizungumza juu ya kweli. Yalikuwa mahubiri marefu na mazuri, nafikiri. Mimi nilikuwa nikifikiria Fika Leo.

Jumapili, 10 Agosti. Homa Bay.

Fika Leo wanasajili watu huku. Ukitoka nje ya ukumbi unaweza kuuliza njia ya kwenda Sindo, na niliuliza. Lakini msimamizi, dada anayeitwa Liz, alisema anayetoka kabla ya mafunzo kwisha hasajiliwi. Nikarudi ndani. Nitamwendea Bochaberi vipi bila kazi? Angeniuliza nafanya nini siku hizi, nami ningejibu nini?

Nimesajiliwa. Koti ni la rangi ya machungwa. Linanibana mabegani.

Jumatatu, 11 Agosti. Homa Bay.

Asubuhi Nyakerario alipiga. Sauti yake ilikuwa chini.

"Shemeji, yuko hapa kando yangu. Amepata kazi ya kushona huko Kisegi, gari linaondoka sasa. Anataka kukuuliza neno moja tu kabla hajapanda."

Nikasikia simu ikikabidhiwa. Nikasikia Bochaberi akivuta pumzi, vile huvuta akitaka kusema jambo alilolifikiria usiku kucha.

Kioo kikawaka. Kazi yangu ya kwanza ya Fika Leo, chipsi na kuku, sekunde thelathini za kukubali. Na siwezi kukubali nikiwa naongea.

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mama."

Nikakata, nikakubali.

Nilifikisha kwa dakika kumi na moja. Mteja, mwalimu Helen, alisema asante na kunipa nyota tano mbele ya macho yangu. Hizi ni za kweli. Nikampigia Bochaberi hapo hapo langoni. Haipatikani. Nikapiga tena saa saba na saa kumi. Haipatikani.

Ni mtandao. Huko Kisegi mtandao husumbua. Tena afadhali, maana leo ningempa habari ya nyota tano tu. Nitampigia zikifika hamsini.