Mzee wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke kwetu. Na sasa narudi! Si kwa miguu. Kwa gemu.

Niandike kwa utaratibu, maana furaha inaniharibia mwandiko. Binti yangu ana ofisi ya kutengeneza michezo ya kompyuta: vyumba viwili juu ya duka la rangi, yeye na Mchoraji, bwana mwenye ndevu asiyekula mpaka akumbushwe. Mwaka mzima wanatengeneza mchezo wa mtu anayerudi mji alikozaliwa, akitafuta nyumba yao kabla giza halijaingia. Mji ni wetu. Ramani niliichora mimi kwa penseli, kutoka kichwani: ngazi za soko, daraja, tangi la maji, nyumba yetu yenye mlango wa kijani. Mchezaji akianza huulizwa anataka kuwa nani. Kulia amesimama mwanamke. Kushoto amesimama mzee. Mzee ni mimi. Sura yangu, sauti yangu, mwendo wangu.

Mwanamke ni Mama Cherehani, jirani wa ghorofa ya chini, mshonaji, mjane, tumepishana miaka michache tu. Usoni Mchoraji amemwondolea miaka thelathini. Mimi hakuniondolea hata mmoja.

Sasa habari yenyewe. Ofisi haina uwezo wa kukamilisha wahusika wawili. Kuanzia kesho wataita watu wa kila aina waujaribu mchezo, na atakayechaguliwa zaidi ndiye atakayebaki. Mwingine atafutwa. Binti yangu alinieleza taratibu, mkono begani mwangu, kama daktari. Nikamwambia asihofu. Mama Cherehani ni mtu mzima, atavumilia.

Nimekwenda kutengenezwa ndevu. Nimemtangazia kinyozi na wateja wote kwamba nitakuwa shujaa. Kinyozi akauliza ni shujaa gani huyo anayeshikwa mkono akitaka kuinuka kitini. Wivu!

Jumanne, 4 Machi

Hakuna aliyenichagua.

Nilikaa kwenye kochi la ofisi, gazeti usoni. Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa lori, kifua kama kabati. Nikajisemea, huyu wangu. Akamchagua mwanamke bila hata kupepesa macho. Nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza imekuwaje, dume zima. Akanijibu kwa adabu zote: "Mzee wangu, mimi nimekuja kushinda."

Akafuata binti mmoja mwanafunzi. Naye akaenda kulia. Alisema utoto wake wote alicheza akiwa mwanamume mwenye mabega mapana, na wasichana kazi yao ilikuwa kufungiwa kwenye minara na kulia. Leo ndiye anayekimbia, basi aachwe akimbie. Nikamfahamisha kwamba katika vitabu vyote vikubwa nilivyosoma, na nimesoma si haba, anayerudi nyumbani ni mwanamume. Mwanamke yuko dirishani anamngoja. Akafikiri kidogo. "Sasa babu, muda wote huo yuko dirishani, nani alikuwa anapika?"

Jibu bado nalitafuta.

Jioni mama mmoja mnene alinichagua! Moyo ukaruka. Kumbe aliegemea pedi, kile kifaa cha kubonyezea, kwa kiwiko. Alicheza mtaa mmoja, akapiga miayo, akaomba abadilishiwe.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kwa nini watu wananikimbia. Sababu ni mimi mwenyewe. Inauma kuiandika, lakini hapa hakuna anayesoma.

Siku ya kurekodi walituvisha nguo nyeusi za kubana, zenye vidude vinavyong'aa, ili kompyuta ijifunze miendo yetu. Wakaniomba nikimbie. Nikakataa. Mtu wa heshima hakimbii asipofukuzwa. Nikaweka mikono mgongoni, nikatembea. Mama Cherehani aliruka kochi mara mbili, ya pili hata hakuombwa.

Halafu salamu. Nilishikilia kwamba mzee hawezi kuwapita watu kama nguzo. Lazima asalimie, aulize nyumbani, aulize kazi, aulize afya, kisha arudie nyumbani kwa sababu mara ya kwanza mtu hujibu kwa mazoea tu. Maneno niliyaandika mwenyewe. Binti yangu alipotaka kuyapunguza nilitishia kuondoka na ramani yangu. Sasa mzee akikutana na muuza mkaa pale chini ya ngazi, wanaulizana hali mpaka giza linaingia na mchezo unakwisha. Muuza mkaa bado anajibu.

Asubuhi nilimwita Mchoraji pembeni, nikamletea mkate, nikamwomba ampunguzie mwanamke mbio. Labda ambebeshe sanduku. Akala mkate wote. Akakataa.

Ikabidi nitumie ufundi. Wakati wa chakula cha mchana nilichukua chingamu niliyokwisha kuitafuna, nikaibandika chini ya kitufe cha kulia cha pedi. Nia: kitufe kisibonyezeke, watu wabaki na kushoto, yaani na mimi. Matokeo: kitufe kilinasa kikiwa kimebonyezwa. Mchana mzima hakuna aliyeweza kutoka kulia hata angetaka. Hata kwa kiwiko!

Binti yangu aliikuta. Akauliza ni nani anatafuna chingamu ofisini. Nikamtazama Mchoraji. Maskini ya Mungu, akaomba msamaha. Alisema huenda ni yeye, siku hizi hakumbuki hata anachokula.

Sikuweza kumaliza chai yangu. Kesho nitamweleza ukweli.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumweleza. Nilikuwa na shughuli.

Nilivaa kofia ya sufu, miwani ya jua na skafu ya marehemu mke wangu, nikajiandikisha kama mjaribuji. Mchoraji alinikaribisha, akaniita bwana, akaniletea maji. Akaniketisha kiti cha dirishani. Mpango ulikuwa mwepesi: nijichague mchana kutwa, hesabu ipande.

Nikajichagua. Nikashuka ngazi za soko kwa heshima. Nikakutana na muuza mkaa. Giza.

Nikajichagua tena. Nilijaribu kumpita muuza mkaa kwa mbali. Haiwezekani, mzee humwona, humpungia mkono, humwendea mwenyewe. Mtu gani huyu! Nilianza kumchukia. Hata darajani sikufika.

Basi, kwa uchunguzi tu, ili nimjue adui yangu, nikaenda kulia.

Sijui niandikeje. Nilibonyeza, nami nikakimbia. Nilizishuka ngazi mbili mbili. Nilimpita muuza mkaa nikamrushia salamu moja, akaipokea, akacheka. Daraja lile nilikuwa nimelichora kwa rula, limekufa. Chini ya miguu yake likawa hai, mbao zikagonga. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nalivuka hivyo hivyo, mkate kwapani. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikimbia sana. Nimejikumbuka mikono mgongoni tangu kuzaliwa.

Nikafika kwenye tangi la maji. Nikauona mlango wa kijani. Kwenye ukuta wa mwisho nikateleza, nikaanguka, nikaanza upya. Na tena. Na tena. Nilipovua miwani kufuta macho, ofisi ilikuwa imebaki tupu na Mchoraji alikuwa anafagia akinizunguka ili asinisumbue.

Nimefika nyumbani kimyakimya kama mtu aliyetoka kwa mwanamke. Ambavyo, kwa namna fulani, ndivyo ilivyokuwa. Aibu!

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Matokeo yalisomwa ofisini saa ya chai. Tuliitwa wote. Mama Cherehani alikuja na futi yake ya kitambaa shingoni, maana alikuwa na gauni la bibi harusi linamngoja. Binti yangu alisoma. Mwanamke, karibu wote. Mzee, wachache, wawili kati yao kwa kiwiko.

Nikasimama. Nikasema hesabu haijakamilika, kwani nimesikia, sijui wapi, kwamba jana alikuja bwana mmoja mwenye kofia ya sufu, mtu makini sana, aliyekuwa anampenda mzee kwa dhati.

Binti yangu akaniangalia. Akaangalia skrini. Sikujua kwamba mtambo unaandika kila kitu, kila kiti, kila chaguo. Akasoma kwa sauti ndogo: kiti cha dirishani, mzee mara mbili. Mwanamke mara kumi na tisa.

Mama Cherehani alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe miaka yote unanigombeza kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, kumbe mwenzangu unatamani kuwa mimi!" Nikamwambia anyamaze, mtu hawezi kufanya utafiti? Akasema utafiti gani wa mpaka ofisi inafagiwa. "Mimi mwenyewe ningekuchagua angalau mara tatu, kwa huruma. Wewe hujihurumii hata wewe?"

Mchoraji alitazama viatu vyake. Alikuwa amenijua tangu mlangoni, kwa kikohozi. Aliniita bwana kwa sababu aliona ndivyo nilivyotaka.

Binti yangu hakucheka wala hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema tu, "Baba, ungeniambia unataka kucheza, ningekuwekea nyumbani." Kisha akasema kwamba Jumatatu mzee atafutwa, na akazima skrini kabla sijaona anavyotoweka pale kushoto.

Hapo ningeweza kusema habari ya chingamu. Mdomo niliufungua. Nikaomba sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeokolewa. Na yule!

Mama Cherehani alipanda kwetu asubuhi, sindano mdomoni, akamwambia binti yangu kwamba kumfuta mzee ni makosa. Mimi nilikuwa jikoni, sikio mlangoni. Alisema ule mji unapendeza, lakini mwanamke anakimbia peke yake kama mwizi. Mtu akirudi kwao anataka wa kubishana naye njiani. "Mpe huyu mzee amburute. Akisimama kusalimia, amvute shati."

Nikasikia penseli ya binti yangu. Imeamuliwa. Mchezaji atakuwa mwanamke, na mzee atamfuata nyuma. Akizubaa arudiwe, akigoma abebwe mgongoni. Nitakuwa mzigo! Mwanamke akinibeba hupungua mbio, nami huongea njia nzima. Mchoraji anasema watu watapenda, itakuwa kiwango kigumu, cha wale wanaopenda taabu.

Nilitaka kukataa kwa heshima yangu. Nikakumbuka pale kushoto penye giza. Nikakubali.

Mchana tulirekodi neno langu la mwisho. Mlango wa kijani unafunguka, mzee anasema, "Tumefika." Neno moja tu. Nililisema. Binti yangu akasema nalisoma kama risiti. Nililisema tena, kwa hisia. Akasema sasa namdanganya mtu.

Ni kweli. Mlango ule haupo. Binamu yangu aliniambia kwa simu zamani. Nyumba ilibomolewa, pale wanauza matairi. Sikumwambia binti yangu. Alikuwa anachora kwa furaha, akiniuliza kitasa kilikuwa upande gani. Nilimwambia kushoto.

Nilijaribu mpaka sauti ikakauka. Mwishowe Mama Cherehani akanisukuma pembeni ya kipaza sauti, akasema yeye, "Tumefika," kama mtu anayeweka chini kapu zito. Mimi nikakohoa. Wameacha vyote viwili. Binti yangu alisema hapo ndipo alipoamini. Sikumtazama tena. Alikuwa ananiangalia kwa namna ya mtu anayejua habari za matairi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetulia. Nimejifunza mengi: unyenyekevu, ukweli, thamani ya majirani.

Nimepita kwa kinyozi. Nimemweleza kwamba mimi ndiye kiini cha mchezo, na wamenipa mwanamke wa kunisindikiza na kubeba mizigo. Hakuuliza mizigo gani.

Mchoraji nimempelekea mkate mwingine. Nilikuwa nimwambie habari ya chingamu. Akala kwa shukrani, ikawa si wakati wake.

Nasikia mchezo ukitoka, wachezaji watapiga kura ya mhusika wanayempenda. Mama Cherehani tayari anajiona. Kura zitapigwa kwa kompyuta za maktaba ya mtaa wetu. Nimekwenda kuzitazama. Zina kitufe cha kulia. Nimenunua chingamu, pakiti mbili.

Jioni binti yangu aliniwekea mchezo nyumbani, ule mpya, wa wawili, bado wa majaribio. Akakaa nami kidogo, akaenda kulala. Nikawa mwanamke. Mzee alinifuata vizuri mpaka chini ya ngazi. Akamwona muuza mkaa. Nikamvuta shati. Anaulizia nyumbani, kwa mara ya pili. Nikamwita. Anaulizia afya. Jua linashuka, daraja liko pale, mbao zinanisubiri, na huyu mtu anaulizia afya!

Nikamwacha. Nikakimbia. Lo, nilivyokimbia!

Nilifika mlangoni peke yangu, mapema, mwanga tele. Haukufunguka. Maandishi yakatokea: mwenzako amebaki nyuma, je, utamrudia? Nilikaa nikiutazama mlango wa kijani, na kitasa chake upande wa kushoto, palipo na matairi. Chini kabisa, mbali, nilisikia sauti yangu ikimuuliza mtu habari za nyumbani, na mtu akijibu kwamba kwema.

Nikabonyeza hapana. Sitarudi.