Mkono wa Kulia wa Injinia Bienvenu

Bienvenu alikuwa ametumwa Mbarara kununua katoni ya sabuni. Alipofika kwenye yadi ya magari akamwona Kabanda akiyazunguka magari mawili mekundu kwa mara ya saba, sabuni ikamtoka kichwani, na mpaka leo haijanunuliwa.

Ilikuwa Juni 2009. Magari yenyewe yalikuwa pacha: mafupi, milango miwili, pua chini, ya kukimbia tu na si ya kubeba kitu, bado yana karatasi za Kijapani kwenye vioo. Yalitofautiana kwa jambo moja. La kwanza lilikuwa otomatiki, la pili lilikuwa la gia za mkono. Bei ilikuwa ile ile, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtesa Kabanda, kwa sababu hakuzoea kuchagua kitu bila kusaidiwa na bei. Alikuwa anafungua mlango huu, anafunga ule, anaketi, anatoka. Mwenye yadi alishakata tamaa akaenda kunywa chai.

Hapa lazima Kabanda aelezwe vizuri, maana watu wa aina yake husahauliwa upesi mno, na wao wenyewe huharakisha. Huyu ndiye aliyekuwa akinunua mahindi ya msaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa kopo lililogongwa kitako kikatokeza nje, ili libebe zaidi. Na huyu ndiye aliyekuja mwaka 2004 akakuta mashine ya kusaga ya akina mama wa kanisa inakohoa, akaipakia kwenye pickup, akasema anaipeleka Mbarara itengenezwe. Ilipona siku ile ile. Ilimsagia yeye miaka mitano. Akina mama walipouliza waliambiwa inangoja spea. Walipokwenda kwa wakubwa waliombwa risiti, kana kwamba mtu anayekimbia vita hubeba faili. Barua nne ziliandikwa. Nakala zipo. Tangu hapo wanawake wa Nakivale walitembea na magunia kichwani hadi kwenye mashine ya wakala wa Kabanda, na katika kila mabakuli matano ya unga, moja lilibaki kwake.

Sasa Kabanda alikuwa anamtoa binti yake, Anne. Kuhingira, yaani ile sherehe ya kumkabidhi binti kwa wakwe, ilikuwa Jumamosi nyumbani kwao Isingiro. Wakwe walikuwa watu wa Kampala, na iliripotiwa wanakuja na magari tisa. Kabanda alikuwa na pickup inayonuka mahindi.

Bienvenu alivaa miwani yake myeusi akasogea. Alijitambulisha kuwa injinia, dereva wa mashindano kule Bukavu, Congo, fundi wa magari ya mapadri. Ukweli ni kwamba Uvira alikuwa mpakiaji wa mchanga kwenye lori, na dereva alipokwenda kula, alikuwa akilirudisha nyuma hatua kumi. Lakini hatua kumi zile alizifanya mara nyingi, na ukizijumlisha ni safari.

"Mzee," alisema, "gari ya gia za mukono inatii kila mutu, hata mwizi. Otomatiki ile haiko vile. Iko na akili. Inajifunza mutu moja, njo yake hiyo mpaka kufa."

Kabanda aliipenda habari ya akili, lakini kitu kilimkwama. "Ssebo, bwana wangu, mwanaume bila gia, huu mkono wake atafanyia nini?"

"Atapungia batu."

Kabanda akajiona Jumamosi, kioo kimeshushwa, mkono mmoja nje, wakwe wamepanga mstari. Hoja ikaisha pale pale. Akaacha arabuni ya otomatiki.

Kilichobaki kilikuwa rahisi. Bienvenu alimweleza kwamba otomatiki hushika tabia ya mguu wa kwanza. Mguu wa Mzee, kwa heshima zote, ni mguu wa pickup: ule wa kushoto umezoea klachi, na usipoikuta utakanyaga breki hadi wakwe waruke kupitia kioo. Kwa hiyo gari lifundishwe kwanza milima ya Isingiro na injinia mwenyewe, peke yake, tangu Alhamisi asubuhi hadi Ijumaa jioni. Tangi lijazwe. Malipo ni taslimu, nusu mbele.

Hakumweleza kwamba barabara ya Isingiro haiishii Isingiro. Inaendelea mpaka Kikagate, na ng'ambo ya Kikagate ni Tanzania, ambako gari jekundu halina historia.

Kabanda, kama walaji wote, aliogopa kuliwa. Akauliza ni nani Nakivale anayemjua. Bienvenu akataja jina la mtu mmoja ambaye hata Kabanda alijua hasemi uongo.

Mama Sidonie alikuwa mjane, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na mwenye kibanda cha chai Nakivale. Ndiye aliyeandika zile barua nne, na ndiye aliyemtuma Bienvenu sabuni. Bienvenu aliketi kwenye benchi lake jioni ile, hakungoja kuulizwa sabuni iko wapi, akamwambia kwamba malipo ya kazi ya kulifundisha gari la Kabanda yatakuwa mashine. Ndiyo, mashine yao ya kusaga. Yeye Bienvenu hataki kitu, anataka tu wamama wapumzike shingo.

"Na mimi niseme nini?" Sidonie akauliza.

"Kweli tupu, Mama. Useme unanijua."

Kisha, kwa furaha, akaanza kumsimulia mashindano ya Bukavu, kona kwa kona. Kila alipofika kwenye kona, mkono wake wa kulia ulishuka kando ya goti la kulia ukabadilisha gia hewani: ya pili, ya tatu, ukamwaga chai ya jirani, ya nne. Sidonie hakuwa anasikiliza. Alikuwa anautazama ule mkono. Marehemu mume wake alikuwa dereva kweli, wa malori ya Uvira, na walipofika Uganda alipata kazi Mbarara ikadumu siku moja. Kwetu Congo usukani uko kushoto na gia iko kulia. Uganda ni kinyume. Siku ile moja mume wake aliufungua mlango mara tatu akitafuta gia, na mara ya tatu alikuwa kwenye mzunguko wa barabara, na mlango ukaenda na mwendesha baiskeli. Hakuna aliyeumia ila baiskeli.

Jumatano Sidonie alipanda lori hadi Mbarara, kwenye stoo ya Kabanda. Kabanda akamuuliza kama anamjua injinia. Akasema anamjua, miaka saba. Kisha akauliza mashine watapakia saa ngapi.

Kabanda akauliza mashine gani.

Kidogo kidogo ikatoka kwamba hakuna aliyetaja mashine, kwamba nusu ya pesa imeshatolewa, na kwamba injinia ametaka tangi lijae pomoni. Asubuhi hiyo Sidonie alipokuwa anangoja lori alikuwa amemwona Bienvenu akimuuzia mtu godoro lake, naye akadhani ni njaa. Sasa alielewa. Gari likivuka mpaka, Ijumaa Kabanda angekuja Nakivale kumtafuta aliyesema "namjua". Mashine isingerudi tena, na safari hii gari lingeondoka na jina lake pia, ambalo ndilo kitu pekee alichovuka nacho ziwa bila kunyang'anywa.

Nyuma ya stoo aliiona mashine. Ilikuwa imefunikwa kwa turubai, mkanda umetolewa, kuku wanalala juu yake. Kabanda alishanunua kubwa zaidi.

Akafunga kitenge chake vizuri.

"Mzee Kabanda, upakie ile mashine yetu kwa pickup leo, iende na mimi kesho asubuhi. Ikishapanda, nitakuambia neno moja juu ya gari yako. Neno la kweli."

Kabanda alicheka, akataka neno litangulie. Sidonie akasema mwaka 2004 mashine ilitangulia, basi na leo itangulie. Kabanda alisimama akiwaza. Chuma kile kilimlia nafasi tu. Lakini kuwa na mwanamke wa kambini anayejua juu ya gari lake jambo asilolijua yeye, hilo lilimwasha mwili mzima. Akamwita dereva wake, Gasore, na wapagazi wawili. Kuku wakahamishwa.

Kamba ya mwisho ilipofungwa, Sidonie akasema. "Otomatiki iko na pedali mbili. Gari ya gia za mukono iko na tatu. Banaume ba Kampala bakifika kwa gari, banachungulia chini na banahesabu."

Alipokuwa anaondoka, alikumbusha tu kwamba injinia hana haja ya kuarifiwa. Injinia wa kweli haogopi pedali ya tatu.

Tazama vizuri: hakuna uongo hata mmoja hapo. Mume wake mwenyewe alikuwa akichungulia na kuhesabu, maisha yake yote.

Kabanda alifika yadi akihema, dakika tano kabla haijafungwa, akabadilisha.

Alhamisi saa mbili asubuhi Bienvenu alifika mbele ya stoo na begi dogo na miwani. Majirani walikuwa wamejaa. Gari jekundu liling'aa. Pickup ilikuwa pembeni imepakiwa kitu chini ya turubai, naye hakujali. Akaketi nyuma ya usukani, akanyoosha miguu, na mguu wake wa kushoto ukakutana na mgeni.

Akachungulia. Pedali tatu.

"Nimechukua ya wanaume," Kabanda akasema kwenye dirisha.

Mtu mwenye busara angeshikwa na tumbo la kuhara pale pale. Lakini nusu ya pesa ilikuwa mfukoni, godoro limeshauzwa, na Kikagate iko saa chache tu mbele. Bienvenu akawasha. Akapeleka mkono kwenye gia, yaani mkono wa kulia, mahali gia ilipokuwa maisha yake yote, akavuta kwa nguvu za kiinjinia, na mlango ukafunguka, ukampiga Kabanda kwenye magoti.

Akasema anapima bawaba.

Akaufunga, akapumua, akatafuta gia, akaufungua tena. Watu wakaanza kusogea karibu. Hatimaye mkono wa kushoto, ambao haujawahi kuajiriwa, uliipata gia namba moja kwa bahati, na gari likaruka, likafa, likaruka, likafa, likaruka likaenda. Kabanda akapiga makofi. Alidhani somo la kwanza ni kelele.

Lakini mtu aliyeendesha pickup miaka ishirini anaijua sauti ya gari linalochinjwa. Ile kelele ilishuka barabara nzima kuelekea daraja la Rwizi haijabadilika hata kidogo, gia ile ile, inalia. Kabanda akaanza kuuona uso wa Sidonie akisema injinia wa kweli haogopi. Akageuka kuichukua pickup amfuate. Pickup ilikuwa imekwenda na mashine. Akasimamisha bodaboda.

Kwenye mlima wa Nyamitanga Bienvenu alikuwa anapanda kwa mwendo wa maandamano ya kipaimara. Kila alipotaka gia ya pili, mkono wa kulia ulitangulia na mlango ukapepea. Mguu haukuthubutu kuachia klachi. Moshi wa bluu ulikuwa umemfuata tangu darajani. Watoto wa shule walimpita kwa miguu. Kisha pembeni yake ikatokea pickup inayonuka mahindi, Gasore kwenye usukani, na nyuma, juu ya mashine ya kusaga, Mama Sidonie ameketi na kitenge chake safi.

Gasore akapunguza mwendo, kwa adabu.

"Injinia," Sidonie akasema, "uko salama?"

"Niko naifundisha, Mama."

"Haya. Fundisha."

Pickup ikapandisha gia, ikaenda.

Gari jekundu lilikufa hatua hamsini kabla ya kilele. Kabanda alifika kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, tai begani, na alikuta Bienvenu ameegemea boneti, mikono imekunjwa, anangoja. Bienvenu akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Imeshajua kupanda, Mzee. Imebaki tu kushuka."

Kabanda alimshika kola. Alitaja polisi. Lakini umati ulikuwa mkubwa, na katika umati ule mtu mmoja alikuwa ameshauliza kama huyu si mzee anayemtoa binti Jumamosi. Polisi wangeandika, na kinachoandikwa husomwa, mpaka Kampala. Akachukua pesa zake, akachukua na miwani myeusi, akamwacha barabarani.

Jumamosi magari tisa ya wakwe yaliingia Isingiro yakiwa yameoshwa. Baba wa bibi harusi aliwapokea kwa pickup, Gasore akiendesha, mkono wa Mzee dirishani ukipunga. Wakwe wa Kampala walisogea, wakachungulia, wakahesabu. Zilikuwa tatu.

Bienvenu alirudi Nakivale Jumatatu kwa miguu, hana godoro. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai kwa sababu hakuwa na kwingine. Sidonie alimpa kikombe, hakumuuliza kitu, hata sabuni. Alipomaliza, akamwonyesha nyuma ya kibanda. Mashine ilikuwa imesimikwa juu ya matofali mapya, mkanda umerudi. Ni injini ya dizeli ya zamani: haiwaki mpaka izungushwe kwa hendeli, na hendeli iko upande wa kulia.

Kuanzia siku ile akina mama walibaki na mabakuli yao yote matano. Wiki ya tatu, Bienvenu alisikika akimweleza mwanamke mmoja kwenye foleni kwamba ziko mashine za otomatiki, za Ulaya, zenye akili, ambazo akina mama wakimpa mchango kidogo tu yeye anaweza kuagiza.

"Zungusha, Injinia," Sidonie akasema.

Akazungusha.