Profesa Apigiwa Makofi

Jumapili, 14 Septemba 2014
Wiki ya pili Kasulu, nyumbani kwao mke wangu Loyce. Mimi mtu wa Songea, na watu wa hapa bado siwaelewi. Ila leo kanisani limetoka tangazo zuri! Tarehe 27, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kuna shindano la utii. Unapita na mbwa wako kwenye vibao: hapa akae, pale azunguke, kule alale. Kumgusa marufuku. Nimemwandikisha Profesa kabla ibada haijaisha.

Loyce kanuna. Profesa juzi kamla mtetea wake. Kasema mbwa akituaibisha na huko, atapelekwa Kagerankanda kwa mama mkwe wangu, akalinde mihogo isiliwe na nguruwe pori. Nimekubali huku nacheka. Moyoni nimeumia. Mbwa huyu nimemlea tangu hajafumbua macho.

Jumanne, 16 Septemba
Gasper, mhasibu wa ofisini kwetu, naye kamwandikisha Kamanda wake! Anamfundisha kwa maneno. Mambo ya kizamani. Mimi napiga makofi mawili mepesi, Profesa akikaa anapata dagaa. Kufikia jioni anakaa bila kosa. Akili hizi Gasper atazitoa wapi?

Ijumaa, 19 Septemba
Tumekwenda sokoni kwa mazoezi. Ajabu! Wote tuliokutana nao walipiga makofi. Wazee, akina mama wenye ndoo, hata muuza ndizi. Profesa kakaa kila mara, dagaa wakaisha njiani. Nimewapungia mkono wote. Wiki mbili tu, tayari tuna jina!

Loyce kacheka mpaka kashika ukuta. Ati Waha, wenyeji wa huku, wakisalimiana hupiga makofi, ndiyo heshima yao, na mimi nitafute ishara nyingine mapema. Wivu. Mtu mzima gani anamsalimia mbwa?

Jumatano, 24 Septemba
Mpango kabambe. Nimenunua utumbo wa mbuzi wa kumshibisha Kamanda asubuhi ya shindano, ili akose hata nguvu ya kunyanyuka. Nikauficha nyuma ya jiko. Profesa kauona kwanza. Anaharisha tangu mchana, na anayefagia ni mimi.

Jumamosi, 27 Septemba
Aibu. Kamanda kapita vibao vyote kama yuko kwenye gwaride. Zamu yetu ikafika. Kibao cha kwanza safi! Hapo ndipo mzee Bazilio, mwenyekiti wa mtaa, alipoingia kachelewa. Akaanza kuwasalimia watazamaji mmoja mmoja. “Mwakeye,” anasema, makofi. Wanajibu, makofi. Profesa akakaa. Nikambembeleza, akainuka. Bazilio akasogea kwa mwingine. Profesa akakaa tena. Na watazamaji walikuwa wengi! Daktari wa mifugo, Recho, aliyekuwa msimamizi, akatazama saa yake, akatutoa kwa upole.

Tumekuwa wa mwisho. Tatizo ni umaarufu, tumeshangiliwa kupita kiasi. Gasper kanipa pole, kanikera zaidi. Kesho mama mkwe anakuja kumchukua Profesa. Nimekwenda migombani nikalia.

Jumapili, 28 Septemba
Mama mkwe kafika na kamba mkononi. Mlangoni akainama kidogo, akapiga makofi. Profesa akaja akakaa mbele yake, kimya, macho chini. Hata yeye anamshangilia! Nikampungia mkono, nikamshukuru kwa kutuunga mkono. Mama akamtazama Profesa. Akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akamgeukia Loyce.

“Mwanangu, huyu mbwa amefundwa, abaki hapa. Nipe huyu mwingine ndiye akalinde mihogo.”

Loyce kakubali papo hapo. Nitakwenda kila Jumamosi. Sijali, Profesa wangu anabaki! Nimemkumbatia mpaka kapiga chafya.

Na wala huko Kagerankanda sitahangaika kukimbizana na mnyama. Nguruwe pori nao wana masikio. Nimeshanunua dagaa wa kutosha. Nitawafundisha kukaa, kwa makofi.